Asili ya Siasa ya Kuzuia Ukomunisti, 1945–1950

Katika mambo ya dola ni machache yaliyosemwa kwa wingi na kufahamika kwa uchache kama siasa ya Marekani ya kuupinga ukomunisti baada ya Vita Kuu ya Pili. Wengi huidhania kuwa ilizaliwa siku moja, imekamilika viungo vyote, kichwani mwa mtu mmoja. Habari za miaka ile zaonyesha vingine. Siasa hiyo ilijengwa kipande kwa kipande kati ya mwaka 1945 na mwaka 1950. Kila kipande kilikuwa jawabu la shida ya wakati wake, na baadhi ya shida hizo zilikuwa ndogo kuliko maneno yaliyotumiwa kuzieleza. Kwa sababu hiyo asili yake haina budi kutafutwa mahali pawili: katika matukio yenyewe, na katika maneno ambayo matukio hayo yalivikwa.

Uadui wa kale na urafiki wa vita

Chuki baina ya serikali ya Marekani na ukomunisti ilitangulia vita hivyo kwa miaka mingi. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, askari wa Marekani walipelekwa Archangel na Vladivostok katika mwaka 1918, na wa mwisho wao hawakuondoka hata mwaka 1920. Serikali ya Marekani ilikataa kuitambua serikali ya Kisovieti mpaka mwaka 1933. Walakini chuki hiyo ilikuwa ya mbali. Haikuwa na fedha, wala majeshi ya kudumu, wala mikataba ya kuilinda. Na siasa isiyo na vitu hivyo ni maoni tu.

Hitler alipoishambulia Urusi katika Juni 1941, maadui wa jana waligeuka marafiki wa leo. Malori, vyakula na silaha za Marekani zilipelekwa Urusi kwa wingi, na Warusi wakabeba mzigo mkubwa kuliko wote wa vita vya nchi kavu. Muungano wa Kisovieti ulipoteza watu wapatao milioni 27. Marekani ilipoteza watu wapatao 400,000. Hesabu hizi mbili haziwezi kuachwa nje ya maelezo. Dola iliyovamiwa kutoka magharibi mara mbili katika muda wa miaka 30 ilitaka, juu ya kila jambo jingine, majirani isiowaogopa. Dola ambayo miji yake ya bara haikuguswa na bomu hata moja iliweza kuyatazama mambo ya Ulaya kama jambo la kanuni na haki.

Tofauti hiyo ilionekana Yalta katika Februari 1945. Wakuu watatu, Roosevelt, Churchill na Stalin, walikubaliana kwamba Polandi ipate serikali kwa uchaguzi huru. Karatasi ilikuwa moja, na sahihi zilikuwa tatu. Lakini Wamarekani walisoma humo habari za masanduku ya kura, na Stalin alisoma habari za serikali ambayo Moscow ingeweza kuiamini. Uchaguzi huru katika Polandi ya wakati ule yamkini ungeleta serikali isiyowapenda Warusi, kwa hiyo matakwa hayo mawili hayakuweza kutimizwa pamoja. Roosevelt alikufa tarehe 12 Aprili 1945. Truman, aliyerithi kiti chake, alikuwa Makamu wa Rais kwa muda usiotimia miezi mitatu, na siri nyingi za vita alikuwa hajaambiwa.

Ni kosa kudhani kwamba Truman aliingia na nia iliyokwisha kukatwa. Huko Potsdam, katika Julai 1945, aliona kwamba Stalin ni mtu anayeweza kupatana naye. Waziri wake wa Mambo ya Nchi za Nje, James Byrnes, alikwenda Moscow katika Desemba mwaka huo kutafuta masikilizano. Wakati huohuo majeshi ya Marekani yalikuwa yakivunjwa kwa haraka: kutoka watu zaidi ya milioni 12 katika mwaka 1945 hata wapatao milioni moja na nusu katika mwaka 1947. Nchi inayojiandaa kuizuia dola nyingine kwa silaha haivunji jeshi lake namna hiyo.

Simu kutoka Moscow

Mwaka 1946 ulibadili mambo. Tarehe 9 Februari Stalin alitoa hotuba Moscow akasema kwamba vita vilizaliwa na hitilafu zilizomo ndani ya ubepari, akawataka watu wake kuongeza sana nguvu za viwanda vizito. Washington walitaka kujua maana ya hotuba hiyo. Jawabu lilitoka kwa George Kennan, aliyeushika ubalozi wa Marekani huko Moscow kwa muda. Tarehe 22 Februari 1946, akiwa mgonjwa kitandani, alipeleka simu ya maandishi yenye maneno maelfu kadhaa, aliyoigawanya sehemu tano ili isionekane kuwa ndefu mno.

Hoja zake zaweza kufupishwa hivi. Watawala wa Urusi, wa kale na wa sasa, walikuwa na hofu ya dunia ya nje, kwa kuwa walijua kwamba utawala wao ni dhaifu ukilinganishwa na wa wengine. Itikadi ya Marx iliwapa vazi la heshima la kuivika hofu hiyo. Kwa hiyo hapana maneno mema wala ahadi za kuwatuliza. Lakini watawala hao si wapenda hatari. Wakikuta mlango umefungwa hurudi nyuma, tofauti na Hitler. Basi vita si lazima. Tena, alisema Kennan, ulinzi mkubwa wa nchi za magharibi ni afya ya jamii zao wenyewe, maana ukomunisti hustawi palipo na maradhi.

Simu hiyo ilifika saa yake. Kama ingalipelekwa miezi sita kabla, yamkini ingaliwekwa katika kabati. Kama ingalichelewa miezi sita, ingalisema yaliyokwisha kujulikana. Waziri wa Manowari, James Forrestal, aliifanya isomwe na mamia ya wakubwa wa serikali na jeshi. Majuma mawili baadaye, tarehe 5 Machi 1946, Churchill, ambaye hakuwa tena Waziri Mkuu, alihutubia katika chuo kimoja mjini Fulton, Missouri, Truman akiwapo, akasema juu ya pazia la chuma lililoigawa Ulaya. Wakati huohuo majeshi ya Kisovieti yalikuwa bado kaskazini ya Uajemi, ingawa yalipaswa kuondoka tarehe 2 Machi. Yaliondoka katika Mei, baada ya jambo hilo kupelekwa mbele ya Umoja wa Mataifa na baada ya Uajemi kuahidi mapatano ya mafuta. Washington walikumbuka sababu ya kwanza zaidi ya ya pili, wakaona kwamba fundisho la Kennan limethibitika: ukisimama imara, Mrusi hurudi.

Upande wa pili ulikuwa na simu yake pia. Katika Septemba 1946 balozi wa Kisovieti mjini Washington, Nikolai Novikov, alipeleka Moscow maelezo kwamba Marekani, ambayo vita viliiacha na utajiri na nguvu, yataka kuitawala dunia. Maelezo hayo hayakutangazwa mpaka mwaka 1990. Ukiyaweka ubavuni mwa maelezo ya Kennan waona watu wawili, kila mmoja akiusoma moyo wa dola ya ugenini, na kila mmoja akiona humo nia isiyo na mwisho.

Ugiriki na barua ya Waingereza

Pamoja na hayo yote, kufikia mwanzo wa mwaka 1947 Marekani ilikuwa na fikira za kupinga, si siasa ya kupinga. Siasa ilizaliwa kwa sababu Uingereza ilikuwa imefilisika.

Ugiriki ilikuwa chini ya uangalizi wa Waingereza tangu Wajerumani walipoondoka katika mwaka 1944. Katika Oktoba mwaka huo Churchill na Stalin walipatana Moscow kwamba Ugiriki iwe katika milki ya nguvu za Uingereza, na Stalin aliishika ahadi hiyo kwa kiasi kikubwa. Lakini ndani ya nchi palikuwa na uhasama mzito baina ya wapiganaji wa msituni waliowapinga Wajerumani, wengi wao chini ya uongozi wa wakomunisti, na serikali ya kifalme iliyorudi kutoka ugenini. Damu ilimwagika Athens katika Desemba 1944. Wakomunisti wakaususia uchaguzi wa Machi 1946. Na mwaka huo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Waasi walipata msaada kutoka Yugoslavia, Albania na Bulgaria. Msaada wa Moscow yenyewe ulikuwa haba na wa kusitasita.

Majira ya baridi ya mwaka 1947 yalikuwa makali mno katika Uingereza. Makaa ya mawe yalikosekana, viwanda vikafungwa, na hazina ilikuwa ikiishi kwa mkopo. Tarehe 20 Februari serikali ya Attlee ilitangaza kwamba itaondoka Bara Hindi. Siku ya pili yake ubalozi wa Uingereza mjini Washington ulifikisha barua mbili: misaada ya Uingereza kwa Ugiriki na Uturuki itakoma tarehe 31 Machi. Uturuki haikuwa na vita, bali ilikuwa ikisongwa na Moscow juu ya ulinzi wa milango ya bahari ya Bosporus na Dardanelles.

Barua hizo zilikuwa na haja ndogo na ya wazi: nani atalipa? Marekani ingaliweza kuijibu haja hiyo kwa mkopo na maelezo mafupi. Lakini fedha ziko mikononi mwa Kongresi, na Kongresi ya mwaka 1947 ilikuwa ya chama cha Republican, kilichochaguliwa kwa ahadi ya kupunguza kodi na gharama. Tarehe 27 Februari viongozi wa Kongresi waliitwa katika Ikulu. Marshall, Waziri mpya wa Mambo ya Nchi za Nje, alieleza kwa utulivu habari za Ugiriki na wajibu wa kuisaidia, na wasikilizaji hawakutikisika. Ndipo msaidizi wake, Dean Acheson, alipoomba nafasi ya kusema. Alitoa mfano wa tofaa moja lililooza ndani ya pipa: Ugiriki ikioza, uozo utaifikia Uajemi na mashariki yote, kisha Afrika kupitia Asia Ndogo na Misri, na Ulaya kupitia Italia na Ufaransa. Ni fikira ileile ya Waswahili wasemao kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Seneta Arthur Vandenberg alikubali kusaidia, kwa sharti kwamba Rais aliambie taifa maneno ya namna hiyo hadharani.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ili fedha zipatikane kwa nchi mbili, hatari ilibidi ielezwe kuwa ya dunia nzima.

Hotuba ya tarehe 12 Machi

Tarehe 12 Machi 1947 Truman alisimama mbele ya mabaraza yote mawili ya Kongresi akaomba dola milioni 400: milioni 300 kwa Ugiriki na milioni 100 kwa Uturuki. Ombi hilo lilikuwa la kiasi. Maelezo yake hayakuwa na kiasi. Alisema kwamba karibu kila taifa lilikuwa likilazimika kuchagua baina ya njia mbili za maisha, moja ya uhuru na moja ya kutishwa. Na kwamba ni wajibu wa Marekani kuwasaidia watu huru wanaopinga kutawaliwa na wachache wenye silaha au na nguvu za nje. Muungano wa Kisovieti hakuutaja kwa jina.

Maneno hayo hayakuwa na mpaka wa mahali wala wa wakati. Kennan, aliyeonyeshwa hotuba hiyo kabla ya kutolewa, aliikataa kwa sababu hiyohiyo: msaada kwa Ugiriki aliuona kuwa wa haki, lakini ahadi kwa kila nchi aliiona kuwa deni lisiloweza kulipwa. Hakusikilizwa. Seneti ilipitisha sheria kwa kura 67 dhidi ya 23, Baraza la Wawakilishi kwa kura 287 dhidi ya 107, na Truman akaitia sahihi tarehe 22 Mei. Katika muda huo, tarehe 21 Machi, alikuwa amekwisha kuamuru watumishi wa serikali wachunguzwe uaminifu wao. Siasa ya nje ilikuwa imeingia ndani ya nyumba.

Maana ya neno

Katika Julai 1947 jarida la Foreign Affairs lilichapisha makala juu ya mwenendo wa watawala wa Kisovieti, ambayo mwandishi wake alijificha nyuma ya herufi X. Haikuchukua siku nyingi kujulikana kwamba ni Kennan. Humo ndimo siasa hiyo ilimopata jina lake.

Neno la Kiingereza alilolitumia lina asili katika Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kushika pamoja. Hutumiwa kwa chombo kishikacho maji, kwa jeshi limkwamishalo adui, na hata kwa mtu ajizuiaye hasira. Upana huo ndio uliolifanya lipendwe, na ndio uliolifanya lipotoshwe. Mfasiri wa Kiswahili hukutana na tabu hiyo mara tu ashikapo kalamu. Akiandika kuzingira, amekwisha kumfanya Kennan jemadari mwenye askari pande zote. Akiandika kudhibiti, ameipa Marekani mamlaka juu ya kitu ambacho haikuwa nacho mkononi. Kuzuia ni afadhali, kwa kuwa linaacha wazi lile lililoachwa wazi na asili yake: mwenye shamba humzuia ng'ombe asiingie, na neno halisemi kama atamzuia kwa ua, au kwa fimbo, au kwa kusimama tu na kupaza sauti.

Kennan mwenyewe alifikiri zaidi juu ya ua. Baadaye alieleza kwamba mahali penye nguvu za viwanda vya kuendesha vita vikubwa palikuwa patano tu: Marekani, Uingereza, bonde la Rhine na viwanda vyake, Japani, na Urusi. Ikiwa wakomunisti wana moja, kazi ni kuzuia wasipate jingine. Na njia bora ni kuzirudishia nchi hizo uchumi na imani yao. Lakini katika makala aliandika juu ya nguvu ya kukabili, itakayotumiwa kila mahali ambapo Warusi watasogea, bila kusema kwamba nguvu hiyo si lazima iwe ya silaha. Katika kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 1967, alikiri kwamba upungufu huo ulikuwa kosa lake.

Mkosoaji wa kwanza aliyeona hatari hiyo alikuwa Walter Lippmann. Katika mfululizo wa makala za gazeti, zilizokusanywa mwaka uleule katika kitabu juu ya vita baridi, alionya kwamba siasa ya namna hiyo humwachia adui kuchagua mahali pa kushindania, na kwamba itailazimisha Marekani kuwakodi na kuwategemeza watawala dhaifu kando ya Asia, ambao hawatakuwa na utii wala nguvu. Ajabu ni kwamba Kennan aliyakubali mengi ya hayo. Lakini yeye alikuwa mtumishi wa serikali na hakuwa na ruhusa ya kujibu gazetini. Hivyo neno likaenda njia yake, na mwenye neno akabaki.

Kutoka fedha hata silaha

Kwa muda wa miaka miwili siasa hiyo ilifuata kwa kiasi njia ya uchumi. Tarehe 5 Juni 1947 Marshall alitangaza mpango wa kuijenga tena Ulaya, na kuanzia mwaka 1948 nchi 16 zilipokea jumla ya dola zipatazo bilioni 13. Molotov alifika Paris kuusikiliza mpango huo, akaondoka tarehe 2 Julai. Nchi za Ulaya ya mashariki zikaamriwa kukaa nje. Kila hatua ya upande mmoja ilizaa hatua ya upande wa pili. Katika Septemba 1947 vyama vya kikomunisti viliundiwa ofisi moja, na Zhdanov akatangaza kwamba dunia ina kambi mbili, hesabu ileile ya Truman. Katika Februari 1948 wakomunisti walitwaa serikali ya Chekoslovakia. Katika Juni 1948 njia za kwenda Berlin ya magharibi zilifungwa, zikakaa hivyo mpaka Mei 1949. Tarehe 4 Aprili 1949 mataifa 12 yalitia sahihi Mkataba wa Atlantiki ya Kaskazini.

Mwisho wa mwaka 1949 ulileta mambo mawili yaliyowashtua Wamarekani: Warusi walijaribu bomu la atomiki tarehe 29 Agosti, na Mao Zedong akatangaza Jamhuri ya Watu wa Uchina tarehe 1 Oktoba. Katika Aprili 1950 halmashauri iliyoongozwa na Paul Nitze ilitoa hati ya siri, iliyojulikana kwa namba 68, ikisema kwamba ukomunisti ukishinda mahali popote umeshinda kila mahali, na kwamba gharama za silaha sharti ziongezwe sana. Truman aliiweka kando kwa sababu ya gharama. Vita vya Korea vilipoanza tarehe 25 Juni 1950, alikubali. Na matumizi ya ulinzi yakapanda zaidi ya mara tatu. Ua ulikuwa umegeuka fimbo.

Ugiriki yenyewe ilitoa fundisho ambalo halikusikizwa. Waasi walishindwa katika mwaka 1949, kwa sehemu kwa silaha na fedha za Marekani, na kwa sehemu kwa sababu Tito, aliyefarakana na Stalin katika mwaka 1948, aliwafungia mpaka. Mkomunisti mmoja alikuwa amemzuia mkomunisti mwingine. Siasa iliyoona pipa moja la matofaa haikuwa na nafasi ya kueleza jambo hilo.

Mambo yaliyofuata, na hukumu ya wanazuoni

Upana wa maneno ya mwaka 1947 uliifikisha siasa hiyo katika nchi ambazo waandishi wake hawakuzifikiria. Patrice Lumumba, aliyekosa msaada wa kuirudisha Katanga katika Kongo, aliuomba kwa Moscow katika mwaka 1960. Washington wakamhesabu kuwa mlango wa ukomunisti. Uchunguzi wa Seneti ya Marekani wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba shirika la ujasusi lilipeleka sumu ya kumwua. Sumu hiyo haikutumiwa. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 kwa mikono mingine. Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 nayo yalitazamwa na wanabalozi wa Marekani kwa kioo cha Kuba, na kwa majuma kadhaa serikali mpya haikutambuliwa. Madai ya watu wa Kongo na ya Unguja yalikuwa na asili yake mwenyewe. Lakini mwenye njia mbili tu katika ramani humwona kila msafiri kuwa yuko katika moja ya hizo.

Wanazuoni wamehitilafiana juu ya nani aliyeanza. Waandishi wa kwanza waliulaumu Muungano wa Kisovieti na tamaa zake. William Appleman Williams, katika mwaka 1959, aligeuza lawama kwa Marekani na haja yake ya masoko yaliyo wazi. John Lewis Gaddis, katika mwaka 1972, alitafuta sababu pande zote mbili. Nyaraka za Moscow zilizofunguliwa baada ya mwaka 1991 zimeonyesha kwamba Stalin aliamini kwa kweli mengi ya itikadi aliyoisema, na pia kwamba katika mahali kama Ugiriki alikuwa na tahadhari kuliko Washington ilivyomdhania.

Katika hitilafu hizo mambo mawili hubaki thabiti. La kwanza ni kwamba hofu ya mwaka 1947 haikuwa ya kubuni: Polandi, Rumania na Bulgaria zilikuwa zimekwisha kupoteza uhuru wa kuchagua, na Chekoslovakia ilifuata. La pili ni kwamba kipimo cha jawabu hakikutokana na hofu hiyo peke yake. Kilitokana pia na haja ya kulishawishi baraza lililobana fedha, na kwa hiyo hotuba ya siku moja ikaandikwa kana kwamba ni sheria ya siku zote. Dola milioni 400 zilikwisha kutumika zamani. Maneno yaliyozipata yaliendelea kufanya kazi kwa muda wa miaka 40 na zaidi.